Alex Tew: aliyeuza vidoti, akaishia kuuza ukimya

Chukua rula ya shule, tafuta milimita mbili na nusu, uchore mraba wenye upande wa urefu huo. Kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida, pikseli 10 kwa 10 (pikseli ni vile vidoti vinavyounda picha kwenye kioo) zinachukua nafasi kama hiyo, au kubwa kidogo tu. Mwaka 2005 kijana wa Kiingereza wa miaka 21, Alex Tew, aliuza mraba wa ukubwa huo kwa dola 100 kama nafasi ya tangazo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, na ndani ya miezi mitano ukurasa mzima, ukuta wenye miraba 10,000, ulikuwa umekwisha.

Mtandaoni habari zake husimuliwa kama za mtu aliyelala hana kitu akaamka milionea. Ukikaa na namba zake unaona mambo mengine. Bahati ilikuwepo, tena kubwa, lakini ilimkuta ameshapanga bei, kiasi cha chini cha kununua, mwisho wa mzigo na ahadi kwa mteja. Halafu kuna miaka kama sita hivi ambayo wasimuliaji huiruka. Mtu ni yuleyule, akili zilezile, jina limeshakuwa kubwa, lakini kila alichogusa kilikuwa kinawaka siku mbili tatu na kuzimika. Hiyo miaka naiona ina faida kwa kijana wa leo kuliko milioni yenyewe.

Yuro 50 na siku mbili

Tew anatokea Cricklade, mji mdogo wa Wiltshire, na alikuwa anakaribia kuanza shahada ya miaka mitatu ya usimamizi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Nottingham. Hofu yake ilikuwa deni. Kwa lugha ya vyuo vyetu, alikuwa anaona bumu, ile pesa ya kujikimu, litakata mapema, na baada ya hapo ni kukopa mpaka siku ya kuvaa joho. Usiku mmoja wa Agosti akaandika kwenye daftari swali la namna ya kuwa milionea, na masharti ya wazo analolitafuta: liwe rahisi kueleweka na kutengenezwa, livute macho ya watu wengi, liwe na jina zuri.

Hakuwa mgeni wa tovuti. Alikuwa mpiga bitiboksi, wale wanaotoa ngoma kwa mdomo, akijulikana kama A-Plus, na alishaanzisha tovuti ya wapenzi wa sanaa hiyo, HumanBeatbox. Kwa hiyo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, aliijua, na alijua jina la tovuti linanunuliwa wapi na nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, inakodiwa vipi. Jina na seva vilimgharimu yuro 50, matayarisho yakachukua siku mbili, na tarehe 26 Agosti 2005 The Million Dollar Homepage ikawa hewani.

Ukuta ulikuwa pikseli 1,000 kwenda kulia na 1,000 kwenda chini. Vipimo hivyo vilikaa vizuri, kwa sababu kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa na vioo vya pikseli 1,024 kwa 768: upana wote ulionekana kwa mara moja na kulibaki nafasi nyembamba ya ule mstari wa kushushia ukurasa. Ukuta ungekuwa na upana wa 1,200, miraba ya kulia kabisa ingefichika kwa wageni wengi na hakuna ambaye angetaka kuinunua.

Bei: pikseli moja, dola moja. Imeandikwa juu kabisa, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuipiga hesabu. Sisi tuliozoea "bei njoo inbox" tungechelewa hapo. Mwandishi wa habari aliyefungua ukurasa ule hakuhitaji kumpigia mtu simu. Kichwa cha habari kilikuwa kimeshajiandika.

Kiasi cha chini cha kununua kilikuwa pikseli 100. Sababu ya kwanza ni ya macho, maana pikseli moja haionekani. Ya pili haitajwi sana, nayo ni ya jasho. Kila oda, iwe ya dola 1 au dola 10,000, inadai kazi ileile: kupokea picha ya mteja, kuikagua isiwe uchafu, kuipima, kuibandika mahali pake, kuandika kiungo chake na kuhakikisha pesa imeingia. Kwa kima cha pikseli 100, wateja hawawezi kuzidi 10,000 hata iweje. Angeruhusu pikseli mojamoja, angeweza kujikuta na oda laki kadhaa za dola moja, kila moja ikikatwa ada ya malipo, na kijana yuko peke yake chumbani.

Na alitoa ahadi: ukurasa utabaki hewani miaka mitano isiyopungua, yaani mpaka 26 Agosti 2010. Mnunuzi wa tangazo huuliza maswali mawili, litaonwa na wangapi na litakaa muda gani. La kwanza hakuwa na jibu lake siku ya kwanza. La pili alilijibu kabla hajaulizwa.

Ukuta ulivyofanya kazi

Wengi wanadhani kulikuwa na mtambo mzito nyuma ya pazia. Teknolojia yenyewe ni ya zamani na inafanya kazi mpaka leo kwenye kivinjari chochote: picha moja iliyotandikiwa ramani ya viungo. Picha inakuwa na matangazo yote yaliyounganishwa. Juu yake unaandika orodha ya maeneo, kila eneo na namba nne: kushoto, juu, kulia, chini. Tuseme mteja amenunua mraba wa pikseli 20 kwa 20 unaoanza pikseli 300 kutoka kushoto na 450 kutoka juu. Namba zake zitakuwa 300, 450, 320, 470. Unaongeza anwani ya tovuti yake na maneno machache yatakayojitokeza kipanya kikipita juu yake. Basi.

Ubaya wake unajitokeza ukishakuwa na wateja mamia. Ukikosea tarakimu moja, eneo la mteja mmoja linalalia la jirani, na anayebofya nembo ya huyu anapelekwa kwa yule. Kila nyongeza inadai picha nzima itengenezwe upya na kupandishwa upya. Na kivinjari cha mgeni aliyerudi kinaweza kumwonyesha ile picha ya jana iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yake, huku orodha ya viungo ikiwa ya leo, kwa hiyo anaona nafasi tupu mahali ambapo mteja ameshalipia, na mteja anakuja juu kwa hasira. Dawa ni kubadilisha jina la faili la picha kila unapoiboresha.

Kuna na uzito wa data. Chukua picha ya KB 300, ambayo si nzito. Wageni 25,000 kwa saa, idadi aliyoitangaza Tew mwishoni mwa Desemba, ni GB 7.5 kila saa, GB 180 kwa siku. Kifurushi cha seva cha makumi machache ya yuro cha mwaka ule hakikuumbwa kwa hilo. Anayeiga wazo la namna hii huandaa tangazo vizuri, kisha siku linapowaka, tovuti inazimika saa ileile ambayo ndiyo kwanza dunia imegeuka kuitazama.

Mauzo yalivyokwenda kweli

Mteja wa kwanza alipatikana siku tatu baada ya kufungua, naye alikuwa rafiki yake mwenye tovuti ya muziki. Alichukua pikseli 400. Wiki mbili za mwanzo, ndugu na marafiki walinunua 4,700 kwa jumla. Gawanya kwa siku 14: dola 336 kwa siku. Si haba kwa mwanafunzi, ila kwa mwendo huo ukuta ungejaa baada ya miaka minane.

Alipofikisha dola 1,000 ndipo akatuma taarifa kwa vyombo vya habari. Huo mpangilio una akili. Angetuma siku ya kwanza, mwandishi angekuta ukurasa mtupu na ahadi ya milioni. Alisubiri mpaka kuna rangi ukutani na pesa ya kweli, na ile pesa ya ndugu ikawa ndiyo gharama ya kuwashia moto. BBC wakaichukua, The Register, tovuti ya habari za teknolojia, wakaandika mara mbili ndani ya Septemba, na mwezi ulipoisha alikuwa na dola 250,000.

Sasa angalia mwendo. Kuanzia ule mwisho wa wiki ya pili mpaka mwisho wa Septemba ni wastani wa dola zaidi ya 11,000 kwa siku. Kuanzia hapo mpaka 26 Oktoba, zilipofika pikseli 500,900, ni kama 9,600 kwa siku. Kuanzia 26 Oktoba mpaka 31 Desemba, zilipofika 999,000, ni kama 7,500. Mwendo wa kilele ulikuwa Septemba, wakati wengi wetu hatujawahi hata kuisikia. Baada ya hapo ulikuwa unashuka taratibu, pamoja na kwamba wageni walikuwa wanaongezeka na tovuti imeingia kwenye 130 zinazotembelewa zaidi duniani kwa hesabu za Alexa, kampuni iliyokuwa inapima wageni wa tovuti. Wageni wengi zaidi, mauzo machache zaidi. Waliokuja Desemba walikuja kushangaa.

Kilichozuia mwendo usianguke kabisa ni kwamba ukuta ulionekana unajaa. Kaunta ya pikseli zilizouzwa ilikuwa juu ya ukurasa, na kila siku nafasi nyeupe zilipungua mbele ya macho. Chukua chako mapema. Duka la nguo likiandika "zimebaki chache" hakuna anayeamini. Hapa kila mtu aliweza kuhesabu mwenyewe.

Wateja walikuwa wa kila aina: huduma za kutafutana wachumba, mikopo binafsi, sampuli za bure, watengeneza tovuti, safari za likizo. Ilipofika 26 Oktoba walikuwa 1,400, na ukigawa, kila mmoja alinunua wastani wa pikseli 358, miraba mitatu na nusu. Ishike hiyo namba 358, tutairudia.

Zilipobaki pikseli 1,000 alikuwa na njia mbili rahisi: kuziuza kwa dola 1,000 amalize, au kufungua ukuta wa pili. Wa pili ungeukosea adabu wa kwanza, kwa sababu walionunua walikuwa wamenunua uhaba. Akazipeleka kwenye mnada wa siku kumi kwenye eBay, tovuti ya minada. Dau moja lilipanda mpaka dola 160,109, ila mengi makubwa yalikuwa ya utani, yakaondolewa au kufutwa. Mnada wa wazi mtandaoni ndivyo ulivyo. Dau la juu ni kelele mpaka hela iingie. Zilibaki zabuni halali 99, na mshindi, duka la bidhaa za kupunguza unene, alilipa dola 38,100. Pikseli iliyouzwa kwa dola moja mwisho wa Desemba ilikwenda kwa dola 38 na senti 10. Jumla ikawa dola 1,037,100. Baada ya gharama, kodi na mchango kwa shirika la hisani la vijana la The Prince's Trust, alitarajia kubaki na kati ya 650,000 na 700,000. Wanaotangaza "milioni" huwa hawaitoi kodi.

Barua pepe ya vitisho

Tarehe 7 Januari 2006, mnada ukiwa na siku tatu kuisha, ilikuja barua pepe kutoka kwa kikundi kilichojiita The Dark Group: lipa dola 5,000 kabla ya tarehe 10, la sivyo tovuti itaangushwa. Akaona ni utani, akapuuza. Baada ya wiki moja wakarudi, safari hii wakitaka 50,000, na shambulio limeshaanza.

Shambulio la aina hii halivunji kufuli wala haliibi nywila. Mhalifu anakuwa na maelfu ya kompyuta za watu zilizoingiliwa na virusi bila wenyewe kujua, anaziamrisha zote ziombe ukurasa uleule kwa pamoja, tena na tena. Seva inashindwa kutofautisha mgeni wa kweli na wa uongo, inajaribu kuwahudumia wote, inazidiwa. Ni kama genge la watu mia tano wajae kwenye duka la Mangi, kila mmoja anauliza bei ya sukari na hanunui.

Tovuti haikufikika kwa wiki nzima, mpaka kampuni ya seva ilipoweka mtambo wa kuchuja maombi kabla hayajafika. Polisi wa Wiltshire wa kitengo cha uhalifu wa teknolojia na FBI waliingia kazini. Tew hakulipa. Alifanya sawa, kwa hesabu tu: bei ilikuwa imeshapanda mara kumi ndani ya wiki moja, na anayelipa mara ya kwanza huwa ameshajitaja kuwa ni mlipaji. Kosa lake, kama tunaweza kuliita kosa, ni kwamba barua ya kwanza ilipofika hakuna kichujio kilichowekwa. Siku tatu zingetosha kuongea na watu wa seva.

Ukuta wa pili haukujaa

Waigaji walijitokeza wengi mno, kurasa za pikseli kwa kila lugha na kila bei. Karibu zote zilibaki nyeupe. Waliiga picha wakaacha kilichouzwa. Mteja wa Tew hakulipia nafasi ya milimita mbili na nusu. Alilipia kutajwa ndani ya habari ambayo BBC wanaiandika. Habari ya pili kuhusu kitu kilekile si habari.

Kuna aliyeiga akiwa na haki zaidi ya wote, naye ni Tew mwenyewe. Chuo alishakiacha baada ya muhula mmoja. Desemba 2006 alifungua Pixelotto: ukuta uleule, lakini pikseli ni dola 2, nusu inaenda kwake na nusu kwenye zawadi, na anayebofya matangazo anaingia kwenye bahati nasibu ya dola milioni moja. Kwenye karatasi ilikuwa imetibu ugonjwa wa ukuta wa kwanza, maana sasa mgeni ana sababu ya kubofya. Ila kubofya kwa kutafuta zawadi hakumletei mtangazaji mnunuzi, na watangazaji hilo wanalijua. Bei nayo imepanda maradufu. Na sentensi moja imekuwa nne: kuna pikseli, kuna droo, kuna mgawanyo, kuna tarehe. Zawadi iliishia dola 153,000 badala ya milioni, maana yake pikseli 153,000 hivi ndizo zilizouzwa, asilimia kama 15 ya ukuta. Mshindi, kwa taarifa yako, alikuwa Mkenya.

Ikaja PopJam, mtandao wa kushirikishana vichekesho, haukwenda mbali. Desemba 2008, siku chache baada ya mwandishi wa habari wa Iraki kumrushia George W. Bush viatu jijini Baghdad, Tew alitoa mchezo wa mtandaoni wa kurusha viatu, Sock and Awe. Ulisambaa kwa kasi ya ajabu na akaupiga mnada haraka: pauni 5,215. Hapo alionyesha ufundi uleule wa kunusa kinachozungumzwa, lakini thamani ya kitu cha namna hiyo inapungua kila saa, na aliyenunua alikuwa ananunua barafu juani. Kuuza mapema ndiyo ilikuwa sawa.

Ukiweka vyote hivyo kwenye mstari mmoja, ugonjwa ni mmoja. Kila kitu kilikuwa cha kuuzwa mara moja. Ukuta ukijaa, umekwisha. Utani ukichuja, umekwisha. Kila mwaka anaanza na wateja sifuri.

Dakika mbili za kutofanya kitu

Januari 2011 alitoa ukurasa mwepesi kuliko yote: Do Nothing for 2 Minutes. Picha ya jua linazama baharini, sauti ya mawimbi, na saa inayohesabu kurudi nyuma kuanzia dakika mbili. Ukigusa kipanya au kibodi, inakuambia umeshindwa na inaanza upya. Kwa fundi, ni mistari michache ya programu: sikiliza kila mguso, ukitokea rudisha hesabu kwenye sekunde 120. Wageni milioni mbili walipita ndani ya siku kumi hivi.

Safari hii kulikuwa na tofauti moja ndogo na ndiyo iliyobadilisha maisha yake: kisanduku cha kuacha barua pepe. Zikapatikana kama 100,000. Wale mamilioni wa ukutani walikuja wakaondoka bila kuacha hata jina. Kaunta iliwahesabu na basi. Hawa aliweza kuwaandikia kesho yake.

Mwaka 2012 yeye na rafiki yake wa London, Michael Acton Smith, aliyeanzisha kampuni ya Mind Candy iliyotoa mchezo wa watoto wa mtandaoni, Moshi Monsters, wakaanzisha Calm, makao yake San Francisco. Ilianza na ukurasa wenye mandhari tulivu na saa, kisha programu ya simu ya kutafakari na kupumua. Wawekezaji hawakuikimbilia. Kutafakari kulionekana ni mambo ya wachache wenye mishumaa.

Kilichoivusha ni kutazama saa za matumizi. Waliona watu wanafungua mafunzo ya kutafakari kwa wingi usiku wakati wa kulala, yaani wanayatumia kutafutia usingizi, kazi ambayo hayakutengenezewa. Mwishoni mwa 2016 wakatoa hadithi za usingizi, za watu wazima, zinazosomwa taratibu na sauti nzito mpaka msikilizaji apotelee njiani. Bibi zetu wangecheka kusikia kwamba hilo linahitaji wawekezaji. Mwaka uliofuata Apple waliitaja Calm kuwa programu ya mwaka ya iPhone. Februari 2019 ilichangisha dola milioni 88 ikithaminiwa bilioni moja, na Desemba 2020, dunia nzima ikiwa haina usingizi, milioni 75 nyingine kwa thamani ya bilioni mbili.

Sasa irudishe ile 358. Mteja wa wastani wa ukutani alilipa dola 358 kwa ahadi ya miaka mitano. Usajili wa Calm kwa bei ya Marekani ulikuwa karibu dola 70 kwa mwaka. Akikaa miaka mitano ni 350. Kwa mteja mmoja mmoja, mfuko ni uleule. Ila ukutani walikuwa hawaenei zaidi ya 10,000, na wa usajili hawana ukuta wa kuwazuia.

Usajili nao una shimo lake, na wanaoanzisha huduma za kulipia kwa mwezi wafahamu. Kwenye ukuta pesa ikiingia imeingia. Kwenye usajili kila mwaka mteja anapata nafasi ya kuondoka. Wakijiunga 100 Januari, na mwakani 50 wasihuishe, unalazimika kutafuta 50 wapya ili ubaki palepale, na kila mpya ana gharama ya tangazo lililomleta. Ikitokea ulijipanga kwa kasi ya mwaka wa neema, mishahara inabaki mikubwa wakati wateja wanapungua. Agosti 2022 Calm ilipunguza wafanyakazi 90, mmoja katika kila watano.

Na ule ukuta? Bado unafunguka. Miaka mitano ya ahadi ilishapita zamani, na picha haijaguswa. Viungo ndivyo vilivyochakaa. Mwaka 2017 maabara ya ubunifu ya maktaba ya sheria ya Harvard ilivipitia vyote 2,816: 547 havikufunguka kabisa, 489 vilimpeleka mtu kwenye anwani nyingine au kwenye majina ya tovuti yanayouzwa, vilivyobaki ni 1,780. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na biashara iliyokufa hailipi.

Ufungue kwa simu uone. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa milimita 65 mpaka 70, na humo inabidi ienee miraba 100 kwa mstari. Kila mmoja unabaki na upande usiofika milimita moja. Kidole gumba kimoja kinafunika zaidi ya miraba 100, mali ya dola 10,000 na ushee kwa bei ya 2005, na huwezi kujua umebofya ya nani.